Uso wa Baba kwenye Selotepu

Kuna sauti moja hunisimamisha popote nilipo: sauti ya selotepu pana ikivutwa kutoka kwenye roli. Juzi nilikuwa ofisi ya mizigo ya mabasi pale Geita, kijana anafunga boksi la mteja, akaivuta kwa mkono mmoja, kwaraaa, nami nikasahau kilichonipeleka. Nikanusa karatasi iliyolowa. Nikaona beseni la bluu na kidole gumba cha Bibi ndani ya maji. "Dada, zamu yako," kijana akasema, na nadhani alilazimika kusema tena.

Niseme mapema kwamba mimi si mwepesi wa kuamini. Chuoni wenzangu walikuwa wakikoroma kwa makusudi nikinyoosha mkono kuuliza. Mtu akinisimulia muujiza, natafuta waya. Basi hili ninalokusimulia nimeligeuza kila upande kwa miaka mingi, waya wake naujua wote, na bado linanisisimua.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kijijini Samuye. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu Rwamgasa, mkoani Geita, na alibaki huko. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilititia akiwa chini. Wenzake walichimba kumfuata hadi mwamba ukaanza kuwaangukia na wao, wakasimamishwa. Hakuna kilicholetwa nyumbani. Mimi nilikuwa bado nanyonya.

Kilichobaki ni kalenda. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa kule machimboni, na mwaka mmoja kwaya ilichapisha kalenda: waimbaji wamejipanga kwa sare za kijani, na juu yao, ndani ya mviringo wa maua, Baba peke yake, uso wa ukubwa wa kiganja changu cha wakati ule, mdomo wazi katikati ya wimbo. Ilitundikwa juu ukutani kwa Bibi, juu kuliko nilivyoweza kufika. Kila mgeni alinitazama, akaitazama, akasema, "Mtoto huyu kafanana na baba yake!" Nami nikauliza, wapi? Pua? Masikio? Walicheka tu. Kutoka pale chini sikuona mfanano wowote. Niliona mwanamume aliyeachama.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, nikiwa bado mdogo, mchwa walipanda nyuma ya kalenda. Tulipogundua walikuwa wameshakula miezi yote na miguu ya kwaya, na walikuwa kiunoni mwa akina mama wa sauti ya kwanza, wakielekea juu. Bibi aliishusha, akaikung'uta, akaketi nayo mapajani mchana kutwa. Mama, ambaye tuliishi naye hapo kwa Bibi, aliipeleka mjini Shinyanga kutoa kopi. Alirudi na karatasi ambamo Baba alikuwa mweusi tii kama kitako cha sufuria, meno tu yanaonekana. Simu ya Mama ilikuwa ya tochi, haina kamera. Na kalenda yenyewe, kwa unyevu ule, ilikuwa imeanza kumeguka vidoleni kama chapati kavu.

Ndipo Kabula akasema, "Nipeni mimi."

Kabula alikuwa binti wa shangazi yangu, mkubwa kwangu, amemaliza shule na hakai chini. Alitengeneza stika za baiskeli. Vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli pale mjini walimfuata hadi Samuye, kwa sababu stika zake hazikuwa na mfano. Alibandika selotepu juu ya picha ya gazeti, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akailoweka, kisha akaitoa karatasi yote kwa nyuma kwa kidole gumba, ikijiviringa kama nongo. Karatasi iliisha na picha ikabaki, imeng'ang'ania selotepu, nyembamba, inapitisha mwanga. Ikikauka, gundi inarudi na kushika tena. Madigadi za baiskeli za wilaya nzima zilikuwa na simba wa Kabula, mawaridi ya Kabula, na maneno ya Kabula: "Mwenye wivu apande punda."

"Na karatasi inakwenda wapi?" niliuliza.

"Kwa maji."

"Na picha kwa nini haiendi nayo?"

"Wewe Kwanini, ukiuliza tena nakubandika mdomoni." Hilo ndilo lilikuwa jina langu kwake, Kwanini.

Lakini hata mimi, katika umri ule, niliona hatari iliyomo. Ili picha iokoke, karatasi lazima ife. Ukikosea hakuna pa kurudi. Nikadai tujaribu kwanza kwa mwimbaji mwingine. Tulimchagua mama mnene wa mstari wa mbele, aliyekuwa tayari ameliwa nusu na mchwa. Kabula aliharakisha, pengine kwa sababu nilikuwa nampumulia shingoni. Yule mama alitoka vizuri, sare na kila kitu, ila hana pua.

Hakuna aliyecheka. Kabula alinawa mikono upya.

Bibi alikuwa mlangoni, kitambaa kimeteleza, nywele zake nyeupe zimejitokeza kama pamba iliyopasuka. Nywele zile zilikuwa kero ya shangazi zangu. Wazee wenzake wote walinyoa; yeye hakuwa amegusa wembe tangu nikiwa nanyonya, na shangazi walipokuja kumsihi kwamba matanga sasa yaishe, anyoe, aliwajibu neno moja: "Bado." Nami nilidhani anapenda nywele.

"Mayu," Kabula alimwita kwa heshima ya Kisukuma, "nikimharibu je?"

"Mchwa watamharibu kesho," Bibi alisema. "Mlete."

Selotepu ikavutwa, kwaraaa, ikashuka juu ya uso wa Baba bila mkunjo hata mmoja. Kijiko kikasugua. Beseni likajazwa maji ya uvuguvugu. Tukasubiri, kisha Kabula akaanza kutoka pembeni, kwenye maua, polepole, na vinongo vyeupe vikaelea juu ya maji. Maua yakatoka. Kola ya shati ikatoka. Kidevu. Alipoinua kipande kile kuelekea mlangoni, mwanga wa mchana ulipita ndani ya uso wa baba yangu, na nikaona mti wa uani kupitia shavu lake.

Tukamlaza juani juu ya sinia. Na alipoanza kukauka, akaanza kutoweka. Ukungu mweupe ulipanda kutoka shingoni, ukafunika mdomo, ukafika machoni. Nilipiga kelele. Kabula alisema ni nyuzi za karatasi zilizobaki, zikilowa hazionekani, zikikauka zinakuwa nyeupe. Lazima arudishwe majini na asuguliwe tena. Lakini alikishika kile kipande, kisha akakirudisha juu ya sinia. Kusugua kupita kiasi ndiko kulikomtoa yule mama pua.

"Siwezi," alisema. "Mayu, siwezi."

Bibi alikuja akapiga magoti mbele ya beseni. Hakuwahi kutengeneza stika maishani mwake. Alifunua mkono hadi kiwikoni, akamlaza mwanawe kwenye kiganja cha kushoto chini ya maji, na kwa gumba la kulia akaanza: paji la uso, kisha jicho moja, akizunguka, kisha la pili, kisha pembeni mwa pua, kisha midomo. Hakubonyeza. Alikuwa anaongea naye kwa Kisukuma, chini chini, maneno niliyoyazoea, yale yale aliyoniambia mimi aliponiogesha: tulia, geuka, tumemaliza, tumemaliza. Na mimi, Kwanini, sikuuliza kitu.

Alikauka akiwa angavu.

Tulimbandika kwenye kioo cha Bibi cha kuchania nywele, kile chenye fremu ya plastiki. Kabula akaniambia, "Haya, njoo uangalie huo mfanano wako." Nikasogea. Kioo kilinirudishia uso wangu kupitia wake. Nikainamisha kichwa kidogo, na jicho langu likaingia ndani ya jicho lake, nyusi juu ya nyusi, na sikujua tena nani ananitazama. Niliganda pale mpaka Kabula akanivuta kwa gauni.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa anatoka na lile beseni. Hakuyamwaga maji uani. Aliyabeba kwa mikono miwili hadi kwenye ua wa minyaa, walikolala babu na wazee wa babu, akachimba kishimo kwa jembe, akayamimina na vinongo vyake vyote, akafukia. Kesho yake asubuhi shangazi zangu walikuja. Nilipotoka nje, Bibi ameketi kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa, kinang'aa.

"Kwa nini umenyoa, Bibi?"

"Joto," alisema. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikuwa mtu mzima, tena mwenye shahada, nilipoitwa kwa mara ya kwanza kusaidia kumwosha marehemu, shangazi yetu mmoja. Kabula alikuwa ameshika bakuli. Mzee mmoja wa kike alianza na paji la uso, kisha jicho moja, akizunguka kwa gumba, kisha la pili, na alikuwa anaongea naye chini chini. Kabula akainua macho akanitazama juu ya lile bakuli. Kisha sote tukatoka na maji, tukatafuta pa kuyafukia.