Meza Niliyompimia Mdogo Wangu kwa Kimo Changu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chakula kinanishinda. Ni siku Mzee Mkude alipokuja Mikumi kuiona meza yangu ya kazi.

Kwanza mjue anayekusimulia. Shule niliiacha darasa la nne. Hesabu nimejifunza kwa futi ya seremala, na kwa futi hiyohiyo nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, na milango ya nyumba za wageni pale barabarani mingi imepita mikononi mwangu. Hakuna hata mmoja uliorudishwa kwa kupinda. Sitafuti sifa, ninazo. Nataka tu ujue kwamba aliyekosea hapa hakuwa fundi wa kubabaisha.

Mzee Mkude ndiye aliyenifundisha kazi, kule Kilosa, ambako baba yake alikuja kama kibarua wa reli akabaki. Nilipoiva nikafungua karakana yangu mwenyewe, uani kwangu, banda la mabati, nikamchukua mdogo wangu Shabani tufanye pamoja. Shabani alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Hilo sikuwahi kumwambia, na sasa nikimwambia halimsaidii. Mimi ni mrefu. Yeye alinifika begani.

Nikatengeneza meza ya mninga, uso wake unene wa inchi tatu, miguu kama nguzo. Niliipima kama nilivyofundishwa: unavaa viatu vyako vya kazi, unasimama wima, unaachia mkono ushuke wenyewe, kisha unakunja kiganja kilale bapa. Pale kinapolala ndipo uso wa meza unapokuja. Kipimo ni hicho, hata leo sina kingine. Ila nilipima mwili mmoja, na meza ilikuwa ya watu wawili.

Siku ya pili tu Shabani akalalamika.

"Kaka, hii meza inanipandisha mabega. Randa naisukuma kwa mikono tu, mwili haunisaidii."

"Utazoea."

"Nizoee au nirefuke?"

"Lolote litakalowahi."

Tukacheka wote wawili. Nikamtafutia kreti la soda la kusimamia, nikaona nimemaliza.

Mzee Mkude alipokuja, palikuwa na wateja wamesimama wanaishangaa ile meza. Watu walikuwa wanapita kuitazama tu, nami nilipenda. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaizunguka meza mara moja bila kuigusa.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mzee."

"Na huyu aliyepanda kreti ni nani, muadhini?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaniambia nikate miguu kiasi cha vidole vinne, kwani meza ya watu wawili humfuata mfupi. Mrefu akiona iko chini, ataweka vipande vya ubao chini ya kazi yake ainyanyue. Mfupi hana la kufanya. "Na kama unauonea huruma mninga wako," akasema, "mtengenezee mwenzako jukwaa la chini linalokwenda na meza mwanzo hadi mwisho. Anayepiga randa anatembea nayo. Kwenye kreti atatembea wapi?"

Angeniambia faraghani labda ningesikia. Sijui. Mbele ya wateja wangu nilimjibu mtu aliyenipa ufundi: "Mzee, hapa si Kilosa. Meza ni ya mwenye karakana."

Akaomba maji, akanywa, akamuaga Shabani. Mimi hakuniaga.

Kazi nzima ya kukata miguu ile ningeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sikuikata. Mwezi ule haukwisha, Shabani akawa anapiga randa ubao wa mlango, futi saba. Alipokaribia mwisho wa ubao, mguu ukatoka kwenye kreti. Akajishika mezani ili asianguke, na kiganja kikatua kwenye patasi niliyoiacha pale imelala makali nje. Mimi nilikuwa mlangoni, namweleza mteja mmoja uzuri wa ile meza.

Hospitali walimshona vizuri, siwalaumu. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Seremala asiyeweza kushika patasi ni nani? Akahamia Tindiga kwa wakwe zake kulima mpunga.

Nilimfuata nikamwomba arudi, asimamie tu mafundi. Akanipokea kwa heshima, akaniuliza habari za watoto. Wali ukaja kwenye sinia, tukanawa, tukaanza kula kwa mkono. Yeye akaletewa kijiko. Nikaacha kula.

"Kula, kaka," akasema. "Mimi nimeshazoea."

Tangu hapo tunaonana misibani. Ananisalimia, shikamoo yake haipungui, kisha anakwenda kukaa na wengine.

Sasa wewe umekuja na picha ya meza kwenye simu, unataka uchonge kama hiyohiyo karakanani kwako. Nzuri, nimeiona. Lakini aliyeipiga picha hakujui wewe, wala hamjui mkeo unayesema atakuwa anapiga msasa na kupaka vanishi. Kabla hujakata mguu hata mmoja, mwite asimame hapo, aachie mkono, umpime yeye. Upana, ukomee pale mkono wake unapofika bila kulalia mbao. Urefu, mlango ulale wote, na ubaki upenyo wa kuizunguka meza pande zote. Jiliwa la kubania mbao lifungwe kushoto kama mnatumia kulia. Miguu iwe mizito, na vifaa vyenye makali viwe na pa kukaa pembeni, visilale juu ya meza mtu anapofanya kazi. Na meza ikimalizika usinionyeshe mimi. Muulize yeye mabega yanasemaje jioni.

Mungu aibariki karakana yako na aijaze wateja. Akulindie mikono yako, na ya huyo utakayesimama naye. Na siku akikuambia meza imemzidi kimo, Mungu akuwezeshe kushika msumeno kabla hujafungua mdomo kumjibu.