Ukungu Kabla ya Amri

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ubishi ndio ugonjwa wangu. Hata mhubiri akikosea aya, moyoni namwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Muhula ule nilikuwa nafundisha asili ya uhai: bahari za kale, gesi, radi zikipiga, kemikali zikashikana hadi kitu kikaishi. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na nani aliuambia uhai uanze?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hilo haliko kwenye mtihani.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Kericho kupigwa picha ya tumbo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumengoja mtoto miaka sita. Mpiga picha alizungusha kifaa chake, kisha akasema kifuko cha mimba kipo lakini mapigo ya moyo hayaonekani. "Rudi baada ya wiki moja. Labda ni mapema, labda mimba imekataa." Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kupewa wiki kama ile.

Nilipotoka, miguu ilinipeleka kwenye hekalu la Makalasinga, ambako yeyote hulishwa bure. Nikavua viatu, nikafunika kichwa, nikaketi sakafuni pamoja na wengine. Mzee mwenye kilemba aliyekuwa akigawa dengu aliona sili.

"Mama, chakula ni mbaya?"

Nilitaka mtu wa kubishana naye, kwa hiyo nikamuuliza dini yao inasema dunia ilianzaje.

"Kwanza ilikuwa giza na ukungu tu, miaka mingi hakuna mtu anaweza hesabu. Hakuna ardhi, hakuna mchana, hakuna usiku. Mungu peke yake na amri yake. Halafu akataka, ikakuwa."

"Siku gani?"

"Hiyo hakuna mtu anajua. Anajua ni yeye aliumba tu." Akaniongezea chapati. "Kula, mama."

Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani Roret. Kwani hilo nalo ni jibu?

Siku zilizofuata ukungu ulikataa kuinuka. Nilipita katikati ya mashamba ya chai kwenda shuleni nikiwasikia wachumaji wakiongea karibu kabisa, nisione hata mmoja. Alhamisi, kabla ya kengele ya asubuhi, sauti zote zilikatika kwa pamoja. Nikaita, "Chamgei?" Hakuna aliyeitikia salamu. Sikusikia ndege wala pumzi yangu mwenyewe. Nikahisi nimesimama ndani ya tumbo langu, na kando yangu kuna kitu kinangoja kuambiwa. Niliogopa sana. Nikanong'ona, "Anza."

"Haya," mtu akasema, karibu na sikio langu.

Nilikimbia hadi langoni, sketi imelowa umande.

Wiki ilipoisha, yule mpiga picha alinigeuzia skrini. Kwenye kijivu kile kidoti kilikuwa kinametameta. Nililia kwa furaha, kisha nikaanza kumhoji: moyo ulianza lini? Siku gani? Saa ngapi?

Akacheka. "Mama, hiyo hakuna mtu anajua."

Sikubisha. Nilivuta nguo, nikafunika tumbo, nikiwaza Alhamisi kabla ya kengele. Sijamwambia mtu hadi leo, wala mtoto mwenyewe.