Mkonge wa Mama na Nyumba za Mstari

Ule mkonge wa porini, wenye majani manene yenye madoa kama chatu, haupendi jua. Unapenda chini ya vichaka, msituni. Siku ninaolewa mama alinipa kipande cha mzizi wake, akasema, "Ukikomaa, toa nyuzi, suka kikapu, uniletee unga humo." Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Binti harudi kusalimia kwao kabla ya kikapu hicho. Ukirudi mikono mitupu, watasema ndoa imekushinda. Mimi si wa kushindwa.

Nikaupanda kichakani, nyuma ya boma la mume wangu. Ulikuwa umeanza kunyoosha majani, tukahamishwa. Lori likaja, paa likabomolewa, tukapelekwa kijiji cha ujamaa. Mkonge wangu niliung'oa nikaufunga mgongoni pamoja na mtoto.

Kule nyumba zilikuwa mstari kama meno, na vichaka vyote vimefyekwa. Ukipiga chafya, kijiji kizima kinakwambia pole. Na kutoka ni mpaka mwenyekiti aruhusu.

Lakini bomba lilikuwepo, jamani! Mimi niliyezoea kuchimbua maji kwenye mchanga wa mto. Kwa furaha nikawa naumwagilia mkonge asubuhi na jioni. Majani yakalegea, yakanuka. Mama mkwe akainama, akayabonyeza.

"Umeunywesha kama ng'ombe."

"Mama, nilidhani una kiu."

"Kiu unayo wewe. Ya kwenu."

Alisema kweli.

Kipande kimoja cha mzizi kilikuwa bado kigumu. Nikakihamishia kando ya kihenge cha mama mkwe, ghala lake la uwele, upande wenye kivuli, nikakinyima maji. Kisha nikangoja. Mtoto niliyembeba na ule mzizi akaota meno, akatembea, akapata mdogo wake. Majani ndiyo kwanza yananifika gotini. Asubuhi shamba la kijiji, jioni mkutano, na katikati mimi nasimama kando ya kihenge najipima na jani kama mfungwa anayehesabu siku. Siku moja nikashika kisu.

"Kata," akasema mama mkwe. "Nyuzi changa hizo. Kikapu kikatike njiani, mama yako ale mchanga."

Nikarudisha kisu.

Yalipofika kiunoni nikakata, nikaparua, nikasuka. Mama mkwe mwenyewe akanijazia unga. Mwenyekiti akasema, "Nenda, ila jioni uwe hapa."

Nilikuwa nimesikia kwetu nao wamehamishwa, ila miguu ilinipeleka kule kule kwa zamani. Nikakuta mahame, hakuna mtu. Mkonge wa mama ulikuwa umetambaa mpaka palipokuwa jikoni. Nikang'oa kipande, nikakiweka juu ya unga, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta kijiji chao kipya, kwenye mstari wao wa nyumba, nao jua tupu kama sisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Akashika mkono wa kikapu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Akaguna tu, lakini mguno ule naujua, na mpaka leo najivunia. Kisha akauona mzizi. Akauchukua, akaunusa, akazunguka nyumba nzima akitafuta kivuli. Hakikuwepo. Akaupanda nyuma ya choo, penye kivuli chembamba.

"Usiumwagilie," nikamwambia.

"Unanifundisha mimi?"

Nikataka kukaa nimcheke vizuri. Lakini jua lilikuwa limeshaegemea, na mwenyekiti alisema jioni.