Posa ya Mama Mdogo Zuhura

Juzi mjukuu wangu, aliyehamia fleti mpya Silicon Oasis, alifungua sanduku la vitabu mbele yangu. Ile harufu ya karatasi iliyolala miaka mingi kwenye joto ikanirudisha Deira, mtaa wetu wa zamani mjini humu, kwenye zulia la sebule ya babu, nikiwa na miaka tisa.

Hapo ndipo mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama yangu, alipokuwa akitusomea sisi watoto riwaya ya Kiingereza baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa akisoma kimoyomoyo ukurasa mzima, kisha akitusimulia kwa Kiunguja chetu. Ilikuwa habari ya binti aliyegombewa na wanaume wawili, naye akijiapiza kuwa hataki hata kumwona yule mkimya. Mama mdogo alikuwa akimcheka mpaka machozi. "Mjinga huyu! Sote tunaona, yeye haoni."

Basi na yeye walikuwapo wawili waliomtupia jicho. Abdulrahim, karani wa mizigo bandarini, alikuwa na kicheko tele na hakuja bila chokoleti yangu. Nassor alikuwa fundi wa viyoyozi. Alikuja, akatengeneza, akanywa maji, akaaga.

"Yule? Mkavu kama mkate wa boflo wa juzi," alisema mama mdogo. Lakini kila kiyoyozi kikishatengenezwa, haikupita wiki, na ni mama mdogo huyo huyo aliyekisikia kinanguruma tena.

Abdulrahim akaleta posa. Nassor, mtu wa dini, akakata mguu kabisa, maana haifai kuposa juu ya posa ya mwenzio ambayo bado haijajibiwa.

Bibi aliingia chumbani kumuuliza mama mdogo, nami nikajifanya nakunja nguo. Kwetu mwari akiulizwa, kimya chake huhesabiwa ndiyo. Mama mdogo alinyamaza, akainamisha uso, machozi yakamtiririka. Nikamfuta kwa kiganja.

"Hewallah! Ya furaha hayo," bibi akasema, akatoka kumpa babu habari.

Babu, aliyesomesha fiqhi, sheria za dini, maisha yake yote, hakutosheka. Akaniita.

"Njoo, bibi mdogo. Machozi ya mama yako mdogo uliyagusa?"

"Nilimfuta, babu."

"Yalikuwa ya moto au ya baridi?"

Wenzangu, sikukumbuka lolote. Nilichojua ni kwamba nilimtaka Abdulrahim na chokoleti zake. Nikafikiri haraka: kahawa ya wageni hupendeza ikiwa ya moto, mkate pia, basi na furaha bila shaka ni ya moto.

"Ya moto, babu! Ya moto sana!"

Babu alishusha pumzi, akaenda kusimama mlangoni kwa mama mdogo. "Zuhura, nambie mwenyewe. Ukisema hapana, mimi ndiye nitakayeipeleka hiyo hapana."

"Simtaki, baba."

"Yuko unayemtaka?"

"Hayuko." Akajitengeneza mtandio. "Ila kiyoyozi, baba, kinanguruma."

Babu alicheka mpaka akashika ukuta. Abdulrahim alijibiwa kwa heshima siku ya pili yake, nami nikalia kuliko yeye. Haukupita mwezi, Nassor akaleta posa yake, na mpaka leo wako Al Twar, wanabishana kila siku, alhamdulillahi.

Nilipokua na kusoma vitabu vya fiqhi vya babu, nilikuta wanavyuoni wakieleza kuwa machozi ya baridi ni ya furaha na ya moto ni ya huzuni. Nilishukuru sana, na kwa miaka mingi nikajivuna kimya kimya kwamba uongo wangu, kwa qadari ya Mwenyezi Mungu, ndio uliomwokoa mama mdogo. Nilimwona yeye alivyojidanganya. Mimi mwenyewe sikujiona.

Sasa nimefika umri wa babu, na najua kuwa mtu mwenye elimu yake haamui ndoa kwa ushahidi wa mtoto wa miaka tisa mwenye chokoleti mdomoni. Babu alikwisha kujua kuwa binti yake hataki. Alitafuta tu njia ya kwenda kuuliza mara ya pili bila kumvunjia bibi heshima, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa mimi.