Kiuno cha Suruali ya Msuluhishi

Jirani alimnong'oneza fundi cherehani, mama wa mtoto mchanga, kwamba safari hii msuluhishi wa mgogoro amemaliza kazi: watu wa ng'ambo ya mpaka watapiga kura waamue kujitawala au la, na mpaka utafunguliwa. Fundi akambusu mwanawe. Bibi wa mtoto yuko ng'ambo, hajawahi kumpakata. Mchana msuluhishi akaingia, suruali begani kama kawaida yake kila baada ya kikao, akamfinya mtoto shavu kwa vidole laini.

"Mmefikia wapi, mzee?"

"Pazuri sana, mwanangu. Tumekubaliana kukutana tena."

Fundi akafumua kiuno kilichojaa alama za mishono ya miaka tisa ya kukaribia mwafaka. "Niongeze inchi moja?"

Msuluhishi akapapasa tumbo. "Ongeza tatu, mwanangu. Vikao bado vingi."