Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Pale kwa dobi walimwita Bi Mwandishi, na msidhani lilikuwa jina la heshima. Lilikuwa jina la kumcheka. Mwanamke apige pasi tangu asubuhi, kola za watu, suruali za wanaume asiowajua hata kwa sura, halafu wakati wa kula, wenzake wakifungua mabakuli, yeye ajibanze nyuma ya mafurushi ya mashuka akiandika hadithi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka! "Bi Mwandishi, leo unamuua nani?" walimuuliza. Naye alicheka nao, maana watu wa kazini ukiwaonyesha umeudhika ndiyo wanazidi.

Nyumbani ndiko kulikomuuma. Mumewe, fundi friji, mtu mpole asiyeinua mkono wala sauti, hakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa mkewe. "Utanisimulia," alisema, akageukia mpira. Na dada wa huyo mume, aliyekaa mlango wa pili, ndiye aliyejaliwa ulimi. "Wifi, kuandika kuna wenyewe. Sisi tufue." Tufue nani? Yeye mwenyewe hata leso hafui! Nguo zake zote alimletea huyo huyo Bi Mwandishi.

Basi redio ikatangaza shindano la kimataifa la hadithi fupi. Mlango uko wazi kwa kila aandikaye Kiswahili, popote alipo duniani, awe profesa awe muuza mkaa. Masharti mawili tu: hadithi iwe yako, na isiwe imewahi kutoka popote, si kitabuni, si gazetini, si mtandaoni. Bi Mwandishi aliyasikia hayo pasi ikiwa mkononi, nusura aunguze blauzi ya mtu. Mficha uchi hazai, akajiambia. Ngoja nijaribu.

Akaandika kisa alichokuwa amekibeba kwa muda mrefu. Mjane mmoja alikuja dukani na kikaratasi cha kuchukulia nguo, alichokikuta kwenye mfuko wa koti la marehemu mumewe. Akaletewa shati, jeupe, limenyooka. Akalinusa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe mmeshalifua?" Hakulia, hakugomba, alishukuru akaenda zake. Aliyelipiga pasi shati lile ni Bi Mwandishi mwenyewe, na tangu siku ile hakuwahi kunyoosha kola bila kumkumbuka yule mama.

Akatuma. Ikawa kimya, akadhani wamemsahau. Kumbe wapi! Siku moja, akikunja mashuka ya hoteli, barua pepe ikaingia: hadithi yake imo katika kumi bora, na majina ya waandishi yatasomwa redioni mwisho wa mwezi. Jamani! Alikaa juu ya furushi la nguo chafu akacheka peke yake. Jina lake, lile alilopewa na mama yake, halikuwahi kuandikwa mahali isipokuwa kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki. Sasa litasomwa, watu wasikie. Hilo tu ndilo alilolitaka. Zawadi, wakipenda wabaki nayo.

Jioni akamwambia mumewe. Fundi akaupa mpira kisogo. "Wewe? Kimataifa? Hebu nitumie niisome."

Miaka yote ya ndoa alikuwa akilingoja neno hilo. Akamtumia upesi, asije akabadili mawazo. Kesho yake mume akarudi macho mekundu, akasimama mlangoni na mfuko wake wa bisibisi. "Umeniliza, mama watoto. Nimejificha nyuma ya friji la watu nalia kama mtoto." Na niwaambie ukweli, kauli hiyo ilimfurahisha kuliko hata kumi bora.

Haukupita muda, waandaaji wakaandika tena. Safari hii hapakuwa na hongera. Hadithi wameikuta imezagaa mtandaoni, haina jina. Ama imeshachapishwa, ama si yake. Vyovyote iwavyo, wameiondoa.

Ama si yake!

"Baba watoto, ile hadithi ulimpa nani?"

Fundi ana kasoro zake, lakini si mwongo. "Niliiweka kwenye grupu la mafundi tu. Ilinigusa, nikaona nisifaidi peke yangu. Wanaume wazima wamelia, wakawatumia na wake zao."

"Na jina langu?"

Hapo akajikuna shingo. "Nililitoa. Unawajua wale. Wangesema nimekuwa karani wa mke wangu."

Lo, mtu huyu! Machozi hakuyaonea haya, jina la mkewe ndilo alilolionea haya. Kikulacho ki nguoni mwako, na Bi Mwandishi, ambaye nguo ndiyo kazi yake, asikione.

"Nisamehe, mke wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Usiniletee methali. Ndoo umeipiga teke wewe."

Aliwaandikia waandaaji akawaeleza yote, mpaka habari za grupu. Wakamjibu kwa adabu kwamba kanuni ni kanuni, ajaribu tena mwakani.

Siku ya kutangaza majina alikuwa kazini. Aliizima redio mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania. Mara simu ikalia. Ni ujumbe wa wifi.

"Wifi, soma hii mpaka mwisho. Hawa ndio waandishi! Jifunze kwa wenzako."

Akaifungua. Shati lake, mjane wake, kila nukta mahali pake. Akaisoma mpaka mwisho kama alivyoagizwa. Pale palipokuwa na jina lake, mtu alikuwa ameongeza: *Sijui kaandika nani, Mungu amzidishie. Watumie watu kumi unaowapenda.*

Aseme ni yake? Wenye shindano hawakuamini, ataamini wifi?

Simu ikalia tena. "Mbona kimya? Haijakugusa?"

"Imenigusa, wifi," akaandika. Kisha akachukua pasi. Gauni la wifi lilitakiwa jioni ile.