Uzi Mwekundu Kwenye Kitabu cha Ufilisi

“Hapa ndani hakuna sheria ya kufilisika isiyopita mikononi mwangu,” anatamba mama huyu wa miaka sitini na mbili. Kisha anainua kitambaa chake. “Nimezifuta vumbi zote.”

Ni saa tatu asubuhi katika maktaba ya mahakama. Yeye ni mfagiaji hapa, mwaka wa thelathini na moja huu, elimu yake darasa la saba. Lakini wanaomwonea haya mkutubi humnong'oneza yeye. Wamembandika jina la Bibi Faharasa.

Leo kaja fundi cherehani wa makamo, kofia mkononi.

“Shikamoo mama. Nina rafiki yangu, biashara imemfia. Ijumaa dalali anamchukulia cherehani. Sheria inasemaje?”

“Marahaba baba. Mpe pole rafiki.” Anaziona pini tatu kwenye ukosi wa shati lake. Anamshushia kitabu cha ufilisi kutoka rafuni.

Fundi anafungua ukurasa wa kwanza. Jasho linamtoka.

“Ukianzia mbele utafilisika kabla hujafika katikati! Anza mkiani, kwenye faharasa. Tafuta ‘vifaa vya kazi’.”

Wanakiona kifungu: mufilisi haachwi mikono mitupu, chombo anachochumia riziki hakinadiwi. Fundi anapumua.

“Bado. Tazama mwaka. Sheria ni kama maziwa, hainywewi bila kunuswa.” Analeta jalada la marekebisho. Kifungu kingali hai, ila sasa mdaiwa lazima aombe mwenyewe, kwa maandishi, kabla ya mnada. “Chumba cha nne kuna wakili, halipwi kitu. Akutafutie na hukumu zilizowahi kukitumia. Lakini rafiki yako aje kwa miguu yake.”

Fundi anainamisha kichwa.

Mama huyu anastaafu mwakani, na ombi lake ni moja: benchi liwekwe mlangoni. “Aibu huchosha miguu,” anasema. “Mtu akae kwanza, ndipo aulize.”

Kwenye ukurasa ule wa kifungu umelazwa uzi mwekundu. “Wa mama mmoja wa jana. Naye ana rafiki aliyefilisika. Kasema leo atarudi kunakili.”

Fundi anauzungusha uzi vidoleni. Anaujua. Ndio wanaoshonea sare za shule nyumbani kwake.

Mlango unalia. Anaingia mkewe, aliyeaga kwamba anakwenda kusukwa kwa dada yake, nywele zimetimka vilevile.

“Baba watoto! Si ulisema unakwenda kumpima mteja?”

“Na wewe, dada yako kahamia mahakamani?”

Bibi Faharasa anavuta viti viwili, anavifuta vumbi.

“Karibuni, marafiki.”